Mashine ya Gemu Utamuuzia Nani?

Barua nne kati ya zile zilizotufikia msimu huu wa likizo zinahusu biashara moja, ya mashine za kuchezea gemu kwenye televisheni, ambazo wenye maduka huziita konsoli na ambazo mitaani huitwa PS hata pale zilipotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Nimeamua kuzijibu pamoja, nikianza na ile ndefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine yanaegemea hapo.

Swali kutoka Kondele, Kisumu

*Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 27 na ni fundi wa simu. Kwa miaka mitatu nimeweka akiba nikilenga kufungua biashara ya mashine za gemu, na kwa kuwa akiba hiyo haijatosha, niliomba mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Fomu iliuliza soko langu lengwa ni lipi, nami nikajibu kwamba ni kila mtu mwenye televisheni. Fomu ilirudi ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Huyu kila mtu anakaa wapi?" Nilikasirika, kisha nikatambua kwamba sina jibu. Je, niuze mashine au niwatoze watu wanaokuja kucheza? Na nitawajuaje wateja wangu kabla hawajaja?*

Ndugu yangu, aliyeshika kalamu ile alikutendea wema, ingawa angeweza kuutenda kwa wino wa rangi nyingine.

Anayenunua maandazi asubuhi pale stendi ndiye anayeyala, na muuzaji hana haja ya kuumiza kichwa. Katika gemu mambo hayako hivyo. Kuna anayecheza, kuna anayelipa, na kuna mwenye kauli ya mwisho, na mara nyingi hao ni watu watatu tofauti. Mvulana wa miaka 13 anayeishi Milimani ndiye atakayecheza, baba yake ndiye atakayetoa pesa, lakini mwenye kauli ni mama, kwa sababu ndiye anayejua televisheni ya sebuleni itakaliwa kwa saa ngapi na mtihani unaanza lini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyepanga chumba anacheza, analipa na kuamua mwenyewe, ila pesa zake huja kwa msimu na kuisha kwa msimu. Kijana anayefunga kibanda chake sokoni Kibuye saa kumi na mbili jioni hataki kumiliki mashine yoyote. Anataka mechi mbili dhidi ya rafiki yake, apige kelele kidogo, kisha aende nyumbani. Ukiwaita wote hao vijana wapenda gemu utakuwa umesema ukweli usiokusaidia, maana hakuna duka moja, bei moja wala saa moja ya kufungua mlango itakayowafaa wote.

Kampuni kubwa zenyewe zilijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1983 biashara ya gemu za nyumbani iliporomoka nchini Marekani, maduka yakabaki na marundo ya kaseti za gemu zisizo na mnunuzi, na wauzaji wakawa hawataki hata kusikia habari zake. Nintendo ya Japani ilipojaribu kuingia huko mwaka 1985, ikianzia jijini New York, kizingiti chake hakikuwa mtoto wala mzazi. Kilikuwa ni mwenye duka. Kwa hiyo mashine iliyojulikana Japani kama Famicom ilibadilishwa sura, ikapewa jina la mfumo wa burudani ili neno gemu lisitajwe sana, na ikauzwa pamoja na roboti ndogo ya plastiki iitwayo R.O.B. ili mwenye duka aione kuwa mwanasesere kama wale wengine aliozoea kuwauza. Roboti huyo alitengenezewa gemu mbili tu na hakudumu, lakini alikuwa amekwisha kuivusha mashine mlangoni. Miaka michache baadaye Sega ikaja na mashine yake na kuwaendea kaka wakubwa wa wateja wa Nintendo, ikiwaambia, bila kuficha sana, kwamba ile nyingine ni ya watoto.

Kisha ikaja Sony, iliyoiuza PlayStation nchini Japani kuanzia Desemba 1994 na Marekani kuanzia Septemba 1995. Sony iliwafuata wale waliokuwa wamekua: mtu mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, mwenye mshahara, asiyependa kuonekana akichezea kitu cha mdogo wake. Nchini Uingereza mashine hizo ziliwekwa hata katika kumbi za dansi za usiku. Mwaka huohuo wa 1995, Sega iliharakisha kuuza mashine yake ya Saturn nchini Marekani kwa dola 399, ikaipeleka ghafla kwa maduka machache na kuyaacha mengine bila chochote. Sony ikatangaza kwamba yake itauzwa dola 299. Maduka yaliyoachwa hayakusahau. Nakukumbusha habari hii kwa sababu vijana wengi wakisikia neno soko humfikiria mchezaji peke yake, ilhali kati ya mashine na mchezaji wamesimama watu wengine wenye hasira na kumbukumbu zao.

Hata hivyo, usije ukaiga uchaguzi wa Sony hivihivi. Kampuni hizi huuza mashine kwa faida ndogo na wakati mwingine kwa hasara; PlayStation 3 ilipoanza kuuzwa mwaka 2006, bei yake ilikuwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Wanafanya hivyo kwa sababu wanapata sehemu ya bei ya kila gemu litakalouzwa kwa ajili ya mashine hiyo kwa miaka inayofuata. Mteja bora kwao ni yule atakayenunua gemu baada ya gemu. Wewe wa Kondele huna senti yoyote katika mapato hayo. Ukimuuzia mtu mashine umepata faida mara moja, na huenda usimwone tena mpaka waya wake ukatike. Faida yako lazima itoke kwingine: katika muda wa kucheza, katika matengenezo, katika pedi, yaani vile vifaa vya mkononi vya kuchezea, na katika kubadilishana diski za gemu. Mteja bora wa Sony na mteja wako bora ni watu wawili tofauti, hata kama wameshika pedi moja.

Sasa nijibu ulichouliza. Kwa mtu mwenye ufundi wako na mtaji wako, ningechagua kutoza muda wa kucheza jioni na kufanya matengenezo mchana, na uuzaji wa mashine ningeuacha kwa maduka ya katikati ya jiji yenye uwezo wa kukaa na mali miezi mitatu bila kutetemeka.

Tuanze na jioni. Katika vibanda vingi vya gemu kuna desturi kwamba anayefungwa ndiye anayelipia mechi. Ukiifikiria desturi hiyo kwa makini utaona jambo ambalo wenye vibanda wengi hawalioni: mtu anayekulipa kila siku ni yule asiyejua kucheza vizuri. Bingwa wa mtaa, yule ambaye jina lake linaimbwa mpaka barabarani, anakaa kwenye kiti chako saa tatu kwa gharama ya wengine, na kila anapomfunga mtu mabao matano anampunguzia hamu ya kurudi kesho. Soko lako lengwa ni wale wanaofungwa. Wapange wakutane wao kwa wao. Weka kanuni kwamba aliyeshinda mechi tatu mfululizo anaondoka kitini na kusubiri zamu, na mashine moja uiachie wanaojifunza, hata kama bingwa atanuna.

Piga hesabu uone. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mechi inatozwa shilingi 20 na huchukua dakika 12 ukijumlisha mabishano. Mashine moja itakupa mechi tano kwa saa, yaani shilingi 100. Mashine tatu zikifanya kazi saa nne kamili jioni zitakuletea shilingi 1,200, kabla hujatoa kodi ya chumba, tokeni za stima na pedi zilizopigwa ukutani kwa uchungu wa penalti. Saa moja ambayo mashine mbili zinakaa bure kwa sababu wanaofungwa wamechoka inakula shilingi 200, na fedha hizo hakuna bingwa atakayekurudishia.

Kuhusu gemu zenyewe, mteja wako wa jioni anataka kandanda na hana haraka ya kitu kingine. Kampuni ya EA iliachana na jina la FIFA, na tangu Septemba 2023 gemu lake linaitwa EA Sports FC, lakini wateja wengi bado watakuuliza kama una FIFA, na usiwasahihishe. Hawatajali sana kama picha ni za mwaka huu au wa mwaka juzi. Watakachojali ni kwamba mchezaji aliyehama msimu huu bado amevaa jezi ya timu yake ya zamani. Angalia pia ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza. Wakati mechi kubwa inaonyeshwa, chumba chako kitakuwa kitupu, na filimbi ya mwisho ikilia, mashabiki wa timu iliyofungwa watakuja kuirudia mechi ile ili matokeo yawe vile yalivyostahili kuwa. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili usifunge mapema.

Kuna kundi moja ambalo lazima ulikatae waziwazi, nalo ni watoto waliovaa sare za shule. Najua watakuja, najua wana sarafu, na najua kwamba kibanda cha jirani huenda kinawapokea. Lakini pesa hizo si zao, aliyezitoa alidhani ni za chakula au nauli, na siku atakapokuja mlangoni atakuja na chifu. Ukishajulikana kuwa mahali pa watoro, yule mteja wa Kibuye mwenye kazi yake hatapenda kukutwa kwako. Kuchagua soko ni pamoja na kukubali kumkosa mtu ambaye pesa zake unaziona.

Mchana ni wa matengenezo, na hapa ndipo yule mama wa Milimani anaporudi. Mashine za nyumbani huharibika kwa njia zinazojulikana: vijiti vya pedi vinavyosogea vyenyewe bila kuguswa, tundu la waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye televisheni, lililovunjika kwa kuchomekwa gizani, na feni iliyojaa vumbi hadi mashine inanguruma na kujizima. Ongeza na radi, maana ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo na radi nyingi zaidi duniani, na stima inayokatika na kurudi kwa kishindo imeua vifaa vingi kuliko watoto watundu. Mama hataleta mashine mahali penye kelele na moshi wa sigara, bali ataileta asubuhi kwa fundi mwenye meza safi anayeandika risiti. Chumba ni kilekile, lakini saa mbili asubuhi hadi saa tisa kinamhudumia mtu mmoja, na baadaye kinamhudumia mwingine.

Umeuliza utawajuaje kabla hawajaja. Usikisie. Kabla ya kuchukua mkopo, omba ruhusa ya kukaa katika kibanda cha gemu kilicho mbali na kwako, pengine Nyalenda au Mamboleo, kwa majuma mawili, na uandike katika daftari kila anayeingia: saa aliyofika, aliyekuja naye, aliyelipa na alivyolipa, na kama aliondoka kwa kuchoka au kwa kuishiwa. Kisha urudishe ile fomu na uandike takriban hivi: "Wateja wangu wa kwanza ni wanaume wenye kazi ndogondogo wanaopita Kondele kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku na kulipa kwa mechi. Wateja wangu wa pili ni familia zenye mashine nyumbani zinazohitaji fundi mchana." Mwenye kalamu nyekundu atajua wanakokaa. Leseni ya biashara ya kaunti uitafute kabla ya kununua mashine ya kwanza, kwa kuwa baada ya hapo utakuwa huna pesa za kuilipia.

Swali kutoka Nakuru

*Kwako Mwalimu. Ninasomea biashara katika chuo kimoja hapa Nakuru. Mhadhiri wetu alitupa mfano wa Nintendo, akasema kwamba mwaka 2006 iliacha kushindana na Sony na Microsoft, ikawafuata watu wasiocheza gemu kabisa. Darasa liligawanyika: nusu wanasema huo ulikuwa ujanja, nusu wanasema ulikuwa woga. Mimi niko katika nusu hiyo ya pili. Nisahihishe kama nimekosea.*

Hujakosea sana, mwanangu, ila neno woga linaficha hesabu. Mashine ya Nintendo iliyotangulia, GameCube ya mwaka 2001, iliuzwa chini ya mashine milioni 22, ilhali PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na iliyoweza pia kucheza filamu za DVD, ilipita milioni 150. Kushindana na mpinzani kama huyo kwa nguvu ya mitambo kulimaanisha kutengeneza mashine ghali na kuiuza kwa hasara, na Nintendo haikuwa na biashara nyingine ya kuifidia. Sony ilikuwa na televisheni, muziki na filamu. Microsoft ilikuwa na programu za kompyuta zilizoko karibu katika kila ofisi. Nintendo ilikuwa na gemu tu. Mwenye shamba la ekari moja akikataa kushindana kwa matrekta na mwenye ekari elfu, sijui kama huo ni woga.

Tena hawakuruka gizani. Mwishoni mwa mwaka 2004 walitoa mashine ya mkononi iitwayo DS, na mwaka 2005 wakatoa kwa ajili yake gemu la kuzoeza ubongo, lililotokana na kazi ya Profesa Ryuta Kawashima, lenye hesabu fupi na maswali ya kusoma kwa sauti. Walionunua walikuwa watu wazima, wengine wazee, ambao hawajawahi kuitwa wachezaji. Kwa hiyo mashine yao mpya ya nyumbani, Wii, ilipoanza kuuzwa Novemba 2006, rais wa kampuni, Satoru Iwata, alikuwa amekwisha kuona kwamba watu hao wapo na kwamba wanatoa pesa. Iliuzwa kwa dola 250 hivi, wakati PlayStation 3 iliuzwa dola 499 na 599 kulingana na aina. Pedi yake ilifanana na rimoti ya televisheni, na sababu yake ni nzuri: rimoti ndicho kifaa pekee cha sebuleni ambacho hata nyanya hakiogopi. Katika nchi nyingi iliuzwa pamoja na gemu la tenisi na boling'i linalochezwa kwa kurusha mkono tu, na nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani zikawa na mashindano. Mashine zaidi ya milioni 101 ziliuzwa.

Niruhusu nikiri jambo hapa. Nilifundisha somo la biashara katika shule ya upili kwa miaka mingi, na kila mwaka niliandika ubaoni kwamba soko hugawanywa kwa umri, kipato na mahali, wanafunzi wakanakili, tukaendelea. Siku hizi naona umri kuwa kipimo cha mtu mvivu. Umri wa bibi aliyenunua gemu la ubongo haukueleza chochote. Kilichomtofautisha na mjukuu wake ni kwamba aliogopa pedi yenye vitufe kumi na viwili. Nintendo iliwagawanya watu kwa kile kinachowazuia wasicheze, na huo ndio uliokuwa ujanja wenyewe.

Lakini nusu yako ya darasa ina hoja ambayo sidhani mliitoa. Mteja asiyependa gemu ukimpata ni rahisi kumpoteza. Ananunua mashine moja, anacheza boling'i wakati wa sikukuu, kisha mashine inafunikwa kitambaa. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007 na duka lake la programu mwaka 2008, na ghafla mtu huyohuyo akawa na gemu mfukoni bila kununua mashine. Nintendo ilipotoa Wii U mwaka 2012, wateja wa zamani hawakuelewa hata kama ni mashine mpya au ni kifaa cha kuongezea kwenye ile waliyokuwa nayo, na wapenda gemu wa kweli walikuwa kwingine. Ziliuzwa milioni 13 na nusu hivi. Hapo hata mimi ningejiunga na nusu yako.

Kilichofuata kinanivutia zaidi ya Wii. Switch ya mwaka 2017 haikuchagua mzee wala kijana, ilichagua hali. Mtu mmoja anataka kucheza kwenye televisheni jioni na kuendelea na gemu lilelile ndani ya matatu asubuhi, na mashine ikamfuata. Imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Ukitaka mfano wa kinyume kwa ajili ya mjadala wa darasani, chukua Microsoft mwaka 2013. Ilipoitambulisha Xbox One, ilizungumza sana kuhusu televisheni na kidogo kuhusu gemu, ikaifunga pamoja na kamera ya Kinect na kuipa bei ya dola 499, na ikataka kuweka masharti kuhusu diski zilizokwisha kutumika. Sony ikatangaza dola 399 na kusema kwamba diski yako unaweza kumpa rafiki. Masharti yale yaliondolewa kabla mashine haijaanza kuuzwa, lakini wapenda gemu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba sherehe hiyo haikuandaliwa kwa ajili yao. Mwulize mhadhiri wako kama ule ulikuwa ujasiri.

Swali kutoka Kakamega

*Nina duka la vifaa vya umeme karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Msambazaji ananishawishi nichukue mashine zisizo na sehemu ya diski, akisema ni nafuu na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Nichukue?*

Dada, msambazaji amekutajia kipato cha wateja wako na kusahau intaneti yao. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa na aina mbili, ya diski kwa dola 499 na isiyo na diski kwa dola 399, na Xbox Series S, isiyo na diski, ilikuwa dola 299. Ni kweli kwamba mnunuzi anaokoa pesa siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili, kila gemu lazima alipakue, na gemu moja kubwa huchukua makumi ya gigabaiti, mengine yakipita 100. Anayeishi kwenye hosteli yenye intaneti ya kulipiwa kwa mwezi atavumilia, lakini anayenunua bando kwa siku hataweza. Kuna na la kubadilishana: gemu lililopakuliwa linabaki kwenye akaunti ya aliyelinunua, ilhali diski huzunguka chuo kizima, ikiuzwa na kubadilishwa mpaka inakwaruzika. Duka linalonunua na kuuza diski zilizotumika lina sababu ya kutembelewa kila juma, na duka hilo linaweza kuwa lako.

Chukua zenye diski, na usione haya kuweka PlayStation 4 zilizotumika ambazo fundi amezikagua. Nchini Brazil, ambako ushuru ulizifanya mashine mpya kuwa ghali mno, kampuni ya Tectoy ilianza kuuza Master System ya Sega mwaka 1989 na ikaendelea kuitengeneza kwa miongo kadhaa baada ya nchi nyingine kuisahau. Mali ya zamani si aibu pale ambapo mnunuzi anaiweza. Jambo ambalo ningekuomba uepuke ni kutangaza ofa kubwa juma lile pesa za HELB, yaani mikopo ya serikali kwa wanafunzi, zinapoingia. Utauza, sikatai, lakini wengine watarudi baada ya majuma mawili wakitaka uinunue tena kwa sababu hawana chakula, na wewe ndiwe utakayelazimika kuwatazama usoni.

Swali kutoka Bungoma

*Nina chumba mjini na ninataka kukifanya mahali pa gemu. Mume wangu anasema wasichana hawachezi, nisiwaweke katika hesabu. Ni kweli? Na kuta nipake rangi gani?*

Mama, mwambie mzee kwamba Sylvia Gathoni, Mkenya ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU mwaka 2018 kwa ajili ya kucheza Tekken, gemu la mapigano. Wasichana wanacheza, wasichopenda ni chumba chenye giza, mlango uliozibwa na wanaume waliosimama, na maneno machafu kila bao likifungwa. Taa nzuri, viti visivyobanana na gemu mbili tatu zisizo za kandanda zitakuletea wengine, hasa Jumamosi mchana, wakija wawili wawili. Sitaki kukudanganya kwamba watakuwa wengi kama wavulana mwezi wa kwanza. Waweke katika hesabu, lakini kodi ya chumba usiitegemeze kwao mpaka daftari lako likuonyeshe hivyo.

Kuhusu kuta, rangi yoyote itafaa mradi isiwe ya kung'aa. Ukuta ulio nyuma ya wachezaji upake rangi iliyokolea, na usiweke televisheni mkabala na dirisha, kwa kuwa mwanga wa saa tisa alasiri utaingia moja kwa moja kwenye skrini na kila anayefungwa atakataa kulipa.